SOMO LA AJALI: KIJANA ALIYEUAWA DAKIKA MOJA KABLA YA AMANI

Pamoja na hukumu za eda, mirathi na deni la mtu afaye vitani mbali na kwao

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyiezi Mungu, ambaye roho za waja zimo katika milki yake, azishikaye azitakazo na kuziachilia azitakazo mpaka muda wake. Sala na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baadu.

Jua, ewe msomaji, ya kuwa neno hili "ajali" limebadilika katika vinywa vya watu. Wengi hulitamka wakakusudia motokaa iliyopinduka, au jahazi lililozama. Lakini asili yake katika lugha ya Kiarabu si msiba, bali ni muda uliowekwa. Deni lina ajali yake, nayo ni siku ya kulipwa. Eda ina ajali yake, nayo ni siku ya kwisha. Na kila nafsi ina ajali yake, nayo ni saa ya kuondoka duniani. Aliyegongwa na gari amefikwa na ajali, na aliyekufa juu ya kitanda chake, wanawe wamemzunguka, naye amefikwa na ajali ile ile. Hapana tofauti baina yao illa katika sababu.

Maneno haya ni mepesi kuyasoma darasani, na ni mazito kuyabeba siku ya msiba. Wala hapana msiba unaoupima moyo katika jambo hili kuliko kufiwa na kijana vitani wakati vita vinakwisha. Aliyeuawa mwanzo wa vita, wazee wake husema: vita vilikuwa virefu, angaliponaje? Lakini aliyeuawa wiki ya mwisho, au siku ya mwisho, moyo hukataa. Husema: siku chache tu zilikuwa zimebaki! Basi kwa ajili ya moyo huo limeandikwa somo hili, nalo lina kisa, kisha ibra, kisha hukumu za sharia ambazo kila mwanamume mwenye jamaa hana budi kuzijua.

KISA

Katika mji wa Baltimore, nchi ya Marekani, alizaliwa mwaka 1895 kijana aitwaye Henry Gunther. Wazee wake walikuwa Wakristo wa asili ya Kijerumani, naye alikuwa karani wa benki. Marekani ilipoingia katika Vita Vikuu mwaka 1917 kupigana na Ujerumani, aliandikwa jeshini katika mwaka huo, wala hakujitolea mwenyewe. Watu wa asili yake walikuwa wakitazamwa kwa jicho la shaka katika nchi ile wakati ule. Alitiwa katika Rejimenti ya 313, iliyokuwa na vijana wengi wa mji wake, akapewa cheo cha sajini wa kuangalia mavazi na vifaa vya askari, na katika mwezi wa Julai 1918 akafika Ufaransa.

Alipoyaona mambo ya vita alimwandikia rafiki yake barua, akamweleza taabu zilizoko, na kumshauri asije jeshini. Barua za askari zilikuwa zikifunguliwa na kusomwa na wakubwa. Ilipoonekana barua hiyo, alivuliwa usajini akafanywa askari wa kawaida. Wenziwe walisimulia baadaye ya kuwa jambo hilo lilimkaa moyoni, akawa mtu wa kunyamaza na kufikiri, akitafuta kwa kila njia kuonyesha ya kuwa yeye si mwoga wala si msaliti.

Alfajiri ya siku ya 11 Novemba 1918, baada ya saa kumi na moja, wajumbe wa pande mbili walitia saini mapatano ya kusimamisha vita, ndani ya behewa la garimoshi katika msitu wa Compiègne. Lakini waliandika ya kuwa silaha zitawekwa chini saa tano asubuhi. Kwa hivyo, baina ya saini na saa iliyowekwa zilikuwako kama saa sita. Katika saa hizo baadhi ya wakuu wa majeshi waliwazuia watu wao, na wengine waliwaamrisha waendelee kushambulia, hali wanajua ya kuwa amani imekwisha andikwa. Wanahistoria huhesabu ya kuwa katika siku ile moja walikufa watu zaidi ya 2,700 wa pande zote.

Kikosi cha Gunther kilikuwa karibu na kijiji cha Chaumont-devant-Damvillers, upande wa kaskazini wa mji wa Verdun. Kama robo saa kabla ya saa tano, mjumbe aliwafikia na khabari ya kuwa vita vinakwisha. Mbele yao Wajerumani walikuwa wameziba njia kwa bunduki za bombomu, nao vile vile walikuwa wanajua. Ghafula Gunther akainuka, bunduki mkononi ina singe, akaenda mbio kuwaelekea. Sajini wake akamwita arudi, asirudi. Wajerumani wakampungia mikono na kumpigia kelele asimame, asisimame. Akapiga risasi, akazidi kukaribia, nao wakampiga, akafa pale pale. Ilikuwa saa tano kasoro dakika moja. Umri wake ulikuwa miaka 23.

Jenerali Pershing, mkuu wa majeshi ya Marekani, alimtaja kuwa ndiye Mmarekani wa mwisho kuuawa katika vita vile. Baada ya kufa kwake alirudishiwa usajini wake, na akaandikiwa nishani ya ushujaa. Mwaka 1923 mifupa yake ilichukuliwa kutoka Ufaransa, ikazikwa Baltimore. Cheo kilirudi, mwenyewe hakurudi.

KHABARI ILIYOCHELEWA KATIKA NCHI ZA AFRIKA MASHARIKI

Asidhani msomaji ya kuwa kisa hiki ni cha Wazungu peke yao. Katika Afrika ya Mashariki vita vile havikwisha siku ya 11 Novemba, kwa sababu khabari haikufika. Jenerali wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa amekwisha vuka na askari wake kuingia katika nchi ambayo leo ni Zambia, na askari wa Keya wakimfuata nyuma. Siku ya 13 Novemba, siku mbili baada ya amani, majeshi yake yalikuwa yanauingia mji wa Kasama. Khabari ya mapatano ilimfikia hapo katika safari ile ile, na bunduki zikanyamaza. Siku ya 25 Novemba alisalimisha silaha zake katika mji wa Abercorn, ambao leo huitwa Mbala, akiwa na askari Waafrika zaidi ya 1,100 na kundi kubwa la wapagazi.

Basi fikiri khabari ya wale waliokufa njiani katika siku zile. Walikufa kwa vita ambavyo vilikuwa vimekwisha malizwa kwa kalamu. Na katika askari wa pande mbili, na katika wapagazi waliochukuliwa kuanzia pwani mpaka bara, Waislamu walikuwa wengi. Katika wapagazi na watumishi wa upande wa Waingereza peke yao hesabu ya waliokufa katika vita vyote hutajwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi wao kwa maradhi na njaa, si kwa risasi. Mtaa wa Kariakoo mjini Dar es Salaam umechukua jina lake katika jeshi lile la wapagazi. Watu hupita sokoni pale wakanunua na kuuza, na wachache hukumbuka ya kuwa jina lile ni jina la watu ambao wengi wao makaburi yao hayajulikani.

NENO "LAU"

Ikitazamwa khabari ya yule kijana wa Baltimore, huonekana "lau" nyingi zimepangana kama shanga katika uzi. Lau asingaliandika barua ile. Lau barua isingalifunguliwa. Lau wakubwa wangaliandika saa nne badala ya saa tano. Lau mjumbe angalichelewa, asijue ya kuwa dakika ni chache. Lau angalijikwaa. Na mama wa askari aliyekufa njiani kwenda Kasama naye ana "lau" zake: lau simu ingalifika jana yake.

Mtume (S.A.W.) amelikataza neno hili. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim kwa Abu Huraira, amefundisha ya kuwa Muislamu na apupie lile limfaalo, na atake msaada kwa Mwenyiezi Mungu, wala asilegee. Kisha likimpata la kumpata, asiseme lau ningalifanya kadha, kwani neno hilo humfungulia Shetani mlango wa kazi. Na kazi ya Shetani hapo ni kumtoa mtu katika huzuni, ambayo ni halali, akamtia katika majuto yasiyo na mwisho na kumshitaki Mola wake.

Na katika Sura ya Aal-Imran, baada ya vita vya Uhud, Mwenyiezi Mungu amewajibu wale waliosema ya kuwa lau ndugu zao wangalikaa nyumbani wasingaliuawa. Maana ya jawabu ni kuwa aliyeandikiwa kufa angalitoka mwenyewe katika nyumba yake, akaenda kwa miguu yake mpaka mahali pa kuanguka kwake. Tena akawaambia wenye maneno hayo: basi ninyi mliobaki majumbani, izuieni mauti isiwafikie, ikiwa mwasema kweli.

Kwa hivyo muda wa Henry Gunther haukukatwa dakika moja kabla ya kutimia. Ulitimia. Saa tano iliandikwa na wanadamu katika behewa la garimoshi, na saa yake iliandikwa na Mwingine.

AJALI SI UDHURU WA ALIYEUA

Lakini hapa pana khatari, na wengi huteleza. Mtu akisikia haya husema: ikiwa kila kitu kimeandikwa, basi jenerali aliyewapeleka watu kufa baada ya saini ana kosa gani? Na nahodha aliyepakia chombo kupita kiasi ana kosa gani? Ajali yao ilifika!

Jawabu ni kuwa kadari ni faraja ya aliyefiwa, si udhuru wa aliyeua. Mtoto wa Adam aliyemuua nduguye hakutoka katika elimu ya Mwenyiezi Mungu, na juu ya hayo aliandikwa katika waliokhasiri. Msiba hutazamwa kwa jicho la kadari baada ya kupita, na amri hutazamwa kwa jicho la sharia kabla ya kutolewa. Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa akienda Sham akasikia ya kuwa tauni imeingia huko, alirudi na watu wake. Abu Ubaida akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyiezi Mungu. Umar akamjibu kwa maana ya kuwa anaikimbia kadari akiingia katika kadari, na akampigia mfano wa mchunga ambaye mbele yake pana ng'ambo mbili za bonde, moja ina majani na moja ni kavu: popote achungapo ni kwa kadari, na juu ya hayo huulizwa kwa nini hakuchagua yenye majani.

Basi mkubwa aliyejua ya kuwa amani imeandikwa, akawapeleka vijana wakachukue kijiji ambacho wangalikiingia kwa miguu saa sita bila ya risasi hata moja, huyo ataulizwa juu ya kila roho. Hata katika Marekani yenyewe, baada ya vita, wajumbe wa Baraza lao waliwauliza majenerali kwa nini watu walipotezwa asubuhi ile. Hilo ni swali la haki, na kulijibu kwa neno "ajali" ni kucheza na dini.

Na ibra ya pili ni ya vijana. Yule kijana alivunjiwa heshima yake kwa barua, akaona bora afe kuliko kurudi kwao bila ya cheo. Yaliyokuwa moyoni mwake anayajua Mola wake, wala si kazi ya msomaji kumhukumu. Lakini nafsi aliyopewa mtu ni amana, wala haikuwekwa duniani ilipe deni la maneno ya watu. Ni vijana wangapi wa pwani wamejitia katika khatari, baharini na nchi kavu, kwa kuogopa kuambiwa waoga? Na wazee watazame ndimi zao, kwani aibu atiwayo kijana mbele ya wenziwe yaweza kumpeleka mahali ambapo risasi peke yake isingalimfikisha.

JE, AFAYE HIVI NI SHAHIDI?

Swali hili huulizwa sana katika jamaa ambazo babu zao walikufa katika vita vya 1914 mpaka 1918, au katika vita vya pili vilivyokwisha mwaka 1945, ambavyo askari wa Afrika Mashariki walipelekwa mpaka Burma. Vita hivyo vilikuwa vya dola kwa dola, juu ya nchi na nguvu. Ni kweli Sultani wa Uturuki alitangaza jihadi mwezi wa Novemba 1914, akiwa upande wa Ujerumani. Lakini Waislamu walikuwako katika majeshi ya pande zote mbili, na Muislamu alimpiga risasi Muislamu mwenziwe.

Wanavyuoni wamebainisha ya kuwa shahidi wa dunia na akhera ni yule aliyeuawa akipigana ili neno la Mwenyiezi Mungu liwe juu. Huyo haoshwi wala hasaliwi. Imamu Bukhari ameweka katika kitabu chake mlango mzima wa kuwa isisemwe fulani ni shahidi, yaani kwa kukata, kwa sababu nia imefichwa. Basi kwa askari au mpagazi Muislamu aliyekufa katika vita vya dola hizo, hukumu yake ya dhahiri ni ya Waislamu wengine: huoshwa, hukafiniwa, husaliwa na kuzikwa. Na khabari ya thawabu zake iachiwe anayejua nani alichukuliwa kwa nguvu, nani alikwenda kwa njaa ya watoto wake, na nani alikufa kwa maradhi ya tumbo au kwa kuzama, ambao Mtume (S.A.W.) amewahesabu katika mashahidi wa akhera.

Na sala ya maiti asiyekuwapo, katika madhehebu ya Imamu Shafi, yajuzu kwa aliye nje ya mji, kama Mtume (S.A.W.) alivyomsalia Najashi hali yeye yuko Madina. Lakini sharti yake ni kuwa mwenye kusali awe siku ya kufa yule maiti alikuwa ni katika watu waliowajibikiwa na sala hiyo, yaani Muislamu, baleghe, mwenye akili. Aliyekuwa mtoto siku ile, au hajazaliwa, hamsalii. Humwombea dua na kumtolea sadaka.

MASUALA

Suala la kwanza: Mke wa askari amepata khabari ya kufa kwa mumewe baada ya miezi. Eda yake aihesabu tangu lini?

Jawabu: Eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, si tangu siku ya khabari. Mfano, Zaid amekufa vitani usiku wa mwandamo wa Safar. Mkewe, ikiwa hana mimba, eda yake ni miezi minne na siku kumi: Safar, Rabia ya kwanza, Rabia ya pili, Jumada ya kwanza, kisha siku kumi za Jumada ya pili. Khabari ikimfikia mwisho wa Rabia ya pili, atakaa kilichobaki tu. Ikimfikia Rajab, eda imekwisha pita. Haimlazimu kukaa tena, wala hapana mtu mwenye haki ya kumfungia ndani kwa kuanza upya. Na ikiwa ana mimba, eda yake ni mpaka ajifungue. Wanawake wengi wamedhulumiwa katika jambo hili kwa jina la desturi.

Suala la pili: Baba yake Zaid alikuwa hai siku Zaid alipokufa, kisha naye akafa kwa homa ile ya mafua iliyoenea mwaka 1918, kabla khabari haijafika. Je, baba amerithi?

Jawabu: Amerithi. Mirathi hutazamwa saa ya kufa, si saa ya khabari. Zaid ameacha mke, mama, baba na mtoto mmoja mwanamume. Baada ya gharama za maziko, kisha deni, kisha wasia usiozidi thuluthi, zimebaki shilingi 240. Mke ana thumni, nayo ni shilingi 30. Mama ana sudusi, nayo ni shilingi 40. Baba ana sudusi, nayo ni shilingi 40. Zilizobaki, shilingi 130, ni za mtoto. Zile 40 za baba haziwarudii warithi wa Zaid kwa kuwa baba amekufa. Ni mali ya baba, zigawanywe kwa warithi wa baba. Na lau isingalijulikana nani alitangulia kufa, baba au mwana, wasingalirithiana, bali mali ya kila mmoja ingalikwenda kwa warithi wake walio hai.

Suala la tatu: Askari hakurudi, wala haikuja khabari ya kufa kwake.

Jawabu: Huyo huitwa mafkudi, yaani aliyepotea. Katika kauli mpya ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yenye nguvu katika madhehebu, mkewe haolewi mpaka kuthibiti kufa au talaka. Katika kauli yake ya zamani, hungoja miaka minne kisha hukaa eda ya kufiwa. Mali yake huwekwa, haigawanywi, mpaka kuthibiti kufa, au upite muda ambao kwa dhana yenye nguvu mtu kama yeye haishi zaidi yake, kisha kadhi ahukumu. Nao humrithi wale waliokuwa hai wakati wa hukumu. Basi mambo haya hayamalizwi barazani. Yapelekwe kwa kadhi pamoja na barua ya jeshi, ikiwako, na mashahidi.

Suala la nne: Mshahara wa askari au mpagazi aliyekufa kabla ya kulipwa.

Jawabu: Ni haki yake, na kwa kufa kwake umeingia katika mali ya urithi, hata ukilipwa baada ya miaka mingi. Katika miaka ya 1960 serikali ya Ujerumani ya Magharibi iliwalipa malimbikizo ya mishahara baadhi ya askari wazee wa Afrika Mashariki waliotumikia Wajerumani, na wengi katika wenziwao walikuwa wamekwisha kufa wasipate kitu. Fedha kama hizo zikifika mkononi mwa ndugu mkubwa si zake peke yake. Hulipwa deni la marehemu kwanza, kisha hugawanywa kwa sharia. Na nafsi ya Muumini hubaki imefungwa na deni lake mpaka lilipwe. Basi atokaye kwenda vitani, au baharini, au safari yoyote ya mbali, na aandike madeni yake mbele ya mashahidi kabla ya kufunga mizigo.

TAAZIA

Kulia hakukukatazwa. Mtume (S.A.W.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na alipotoa khabari ya waliouawa Muta mwaka wa nane wa Hijra. Kilichokatazwa ni kupiga mayowe, kurarua nguo na kumlaumu Mola. Na ilipofika khabari ya kuuawa Jaafar bin Abi Talib katika vita hivyo, Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha watu wawapikie chakula jamaa za Jaafar, kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Itazamwe desturi ya miji mingi ya pwani, jinsi ilivyogeuza amri hii: aliyefiwa ndiye apikaye, ndiye achinjaye, ndiye akopaye ili watu wale matanga, na yatima wa marehemu hubaki na deni la mchele. Kuila mali ya yatima kwa jina la kumlilia baba yake ni dhambi mbili katika sahani moja.

KHATIMA

Somo lote hurudi katika mambo matatu. La kwanza, ajali haitangulii wala haichelewi, hata ikija dakika moja kabla ya amani, au siku mbili baada yake. La pili, kadari ni mto wa kulazia kichwa kwa aliyefiwa, si pazia la kumfichia aliyedhulumu. La tatu, aliyekufa mbali hakukatika na watu wake: ana deni la kulipwa, mke wa kupewa haki yake, mtoto wa kuhifadhiwa, na dua isiyozuiliwa na masafa wala na kutojulikana kaburi.

Katika nyumba nyingi za pwani liko jina la mtu aliyekwenda na jeshi asirudi. Lau yake haimfai kitu. Limfaalo ni kutazama ikiwa deni lake lililipwa na mirathi yake iligawanywa kwa haki, na ikiwa bado, kulitengeneza kabla hazijafika ajali za waliobaki.

Mwenyiezi Mungu awarehemu maiti wa Waislamu waliokufa nchi kavu na baharini, wenye makaburi na wasio nayo, na awape subira waliobaki nyuma yao. Amin. Wallahu aalam.